Viduara Kando ya Jina la Amisi

Siku nilipomkabidhi Furaha filimbi, radio ya kaseti na madaftari kumi na manne, alifungua daftari moja palepale mlangoni mwa stoo na kuniuliza maswali mawili. Furaha ndiye aliyechukua kazi yangu ya kuwatengeneza wachezaji mwili na pumzi katika timu yetu hapa Uvira. Swali la kwanza lilikuwa hili: "Madame, hivi viduara kando ya majina vinasemaka nini?" Nikamwambia ni habari ndefu, nitamwandikia, yeye na wenzake wote wanaoanza sasa na saa zao za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Swali la pili nitalifikia mwishoni. Lilininyima usingizi wa mchana siku tatu, na kwa mstaafu usingizi wa mchana ndiyo kazi pekee iliyobaki.

Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kuota nikiwa macho. Saa tisa na nusu ya alasiri ikifika, saa ya mazoezi, nyayo zinaanza kuniwasha, hata kama nimekaa na sinia la mchele mapajani. Ng'ambo ya ziwa milima ya Burundi inafifia katika ukungu wa joto mpaka huwezi kujua maji yanaishia wapi, na mimi nasikia ile sauti ya kaseti, tii, halafu viatu vinageuka vyote pamoja kwenye vumbi, halafu kimya cha watu wanaohema. Wajukuu wangu wananiita mara tatu kabla sijaitika. Wamezoea.

Nilianza nikiwa mwalimu wa gym katika shule ya wasichana. Siku moja Papa Lubunga, kocha wa timu ya wakubwa, aliwaona wasichana wangu kwenye mashindano ya shule, wakimaliza mbio na kusimama wima bila kushika viuno. Kesho yake akaja shuleni na kofia mkononi. Alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, mrefu, mpole, na mkaidi kuliko punda.

"Madame," akasema, "ekipi yangu inachezaka vizuri dakika makumi sita. Kisha inakufa. Minye naomba unipatie zile dakika makumi tatu zinabakia."

Tangu hapo sijawahi kuelezwa kazi yangu vizuri zaidi, hata na watu wenye diploma.

Siku yangu ya kwanza uwanjani wachezaji walinitazama kama barua iliyopelekwa nyumba isiyo yake. Golikipa, mtu wa mdomo sana, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huyu Mama anakuja kutufundisha kupika?" Wote wakaangua kicheko. Nikasema ndiyo, hasa. Nikawakalisha chini nikawauliza nani ameshawahi kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Wote, maana hakuna mtoto wa Uvira asiyetumwa kupuliza makaa. Basi nikawaambia kuna moto wa nyasi na moto wa makala, yaani makaa. Nyasi zinawaka kwa kishindo, zinapanda juu, halafu kwisha: hiyo ndiyo nguvu ya kuruka, kuwahi mpira, kumpita mtu kwa hatua kumi. Wenye vitabu wanaiita anaerobiki, na ukiizidisha miguu inachomeka kama imetiwa pilipili. Makala yanashika polepole, lakini yanaivisha maharage: hiyo ni pumzi ndefu, aerobiki, ya kukupeleka dakika tisini na kukurudishia nguvu kati ya mbio moja na nyingine. "Nyinyi," nikawaambia, "ni nyasi tupu. Na golikipa wenu ni moshi." Kuanzia siku hiyo wakaniita Madame Pumuzi, na jina likanishika hadi kanisani.

Vyombo vyangu vilikuwa vitatu. Kamba ya mita ishirini, filimbi, na radio ya kaseti. Kaseti ilikuwa ya lile jaribio mnalolijua: mistari miwili, mchezaji anakwenda na kurudi, sauti inamwambia lini awe amefika, na kila dakika sauti zinakaribiana. Anayeshindwa kufika mara mbili anatoka, na mimi naandika ameishia hatua ya ngapi. Msimu wa kwanza timu yangu ilipanda mwezi hadi mwezi kwa namna iliyonifanya nijione daktari. Wachezaji waliokuwa wakiishia hatua ya nane walifika ya kumi, ya kumi na moja, hata golikipa. Nilikaribia kuandika kitabu. Ni Papa Lubunga aliyeinamisha sikio kwenye radio na kusema, "Madame, hii tii yako imevunja sauti, kama kijana wa miaka kumi na ine." Mawe ya radio, yaani betri, yalikuwa yanakufa. Kaseti ilikuwa inazunguka kwa uvivu, sauti zinachelewa, na watu wangu wanatembea tu wakidhani wanakimbia. Nilipotia mawe mapya simba wote wakarudi kuwa mbuzi. Toka siku hiyo nilinunua mawe mapya kabla ya kila jaribio, na kabla ya kuanza nilipima dakika moja ya kaseti kwa saa yangu. Nawaambia hili ili mjue kwamba sikuwa mzembe. Kosa langu kubwa halikutoka kwenye uzembe. Lilitoka kwenye umakini.

Kwa watoto nilijifunza mambo mengine. Wakuu wa timu walitaka niwakimbize vijana wa miaka kumi na miwili kuzunguka uwanja mara ishirini, kama jeshi. Nilikataa. Mtoto anakimbia kwa nguvu sekunde tano, anahema mara tatu, anakimbia tena. Usimzuie wala usimpe mapumziko marefu ya mzee, mpe mpira na eneo dogo, atakimbia kuliko ungemwamuru. Mtu mzima ni kinyume chake. Ana nguvu nyingi zaidi ya mtoto, lakini akiwasha nyasi zake zote anahitaji muda wa kuokota nyingine. Ukimtaka akimbie kwa nguvu dakika nne, mpe dakika tatu za kutembea, wala usimwonee huruma wala usimharakishe. Na yule wa miaka kumi na sita, aliye katikati, ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu anakimbia kama mtu mzima kwa dakika ishirini, nawe unasahau umri wake. Hilo nalo nililisahau, kama mtakavyoona.

Sasa nije kwa Amisi.

Amisi alikuwa nahodha wetu, mchezaji wa katikati, mtoto wa mvuvi wa Kalundu. Alikimbia na mdomo umefungwa. Wengine wote walifanya kelele, walitema mate, walimwita Mungu. Amisi alikimbia kama mtu anayekwenda kumwita jirani. Miaka mitano mfululizo, kila nilipompima, aliishia hatua ya kumi na mbili, akasimama, akafunga kamba za viatu hata kama hazijafunguka. Nilimpenda kama mwanangu, na sioni haya kuliandika hili. Kila timu ina mtu ambaye wengine wanamtazama ili wajue kama wamechoka. Kwetu alikuwa yeye.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki moja Bujumbura. Kabla ya hapo nilipima watu nilipopata nafasi, leo wiki ya tatu, mara nyingine wiki ya saba. Mwalimu wa mafunzo alitukaripia. Akatuambia tupime kila baada ya wiki nne, siku ileile, saa ileile, ili tulinganishe sawa na sawa. Nilirudi na imani mpya. Nikachora mistari kwenye daftari, Jumamosi ya kwanza ya jaribio, halafu wiki nne, halafu nne tena, na juu ya kila safu nikaandika kwa rula: Mwezi wa Kwanza, Mwezi wa Pili, hadi wa Sita.

Mwezi wa kwanza Amisi alifika hatua ya kumi na mbili. Wa pili, kumi na moja na nusu. Wa tatu, kumi na moja. Wa nne, kumi. Wa tano, tisa. Wenzake wote walikuwa wanapanda. Nilibadili mawe, nikapima kamba upya, nikampima uzito, nikamuuliza kama anaumwa malaria. "Hapana, Madame, niko muzima." Mwezi wa sita alisimama hatua ya nane, ameshika magoti. Sikuwahi kumwona ameshika magoti. Ukiunganisha namba zile kwa kalamu unapata mstari unaoshuka taratibu, bila kuruka, bila kona. Ugonjwa unaangusha mtu ghafla. Uvivu unapanda na kushuka. Kitu kinachoshuka taratibu namna ile, nilijua kutoka vitabuni, ni umri.

Jambo ambalo sikulijua ni hili. Msimu uleule baba yake Amisi alikuwa ameumia mgongo, na Amisi ndiye aliyeshika mtumbwi. Alikesha ziwani na taa na nyavu, akarudi asubuhi, akaja kwangu alasiri. Hakuthubutu kusema, kwa sababu Papa Lubunga alikuwa na sheria moja tu kali katika maisha yake: anayefanya kazi ya usiku ziwani hachezi. "Muchezaji ni muntu wa kulala," alisema, na alisema kila wiki.

Baada ya jaribio la sita Papa Lubunga aliniuliza mbele ya daftari, "Madame, sema." Robo fainali ilikuwa imepita, nusu fainali inakuja, na kijana mmoja wa miaka kumi na sita, Héri, alikuwa anawaka kama petroli. Nikasema, "Pumzi ya Amisi imekwisha. Ana miaka ishirini na tisa. Inatokea." Nililisema kwa sauti ya kitaalamu. Sauti hiyo naichukia hadi leo.

Nilitaka nimwambie mimi mwenyewe. Tulikuwa karibu na goli la upande wa ziwa, Papa Lubunga anakunja kamba hatua chache kutoka kwetu. Nilimwonyesha Amisi mstari wangu kwenye daftari, nikamweleza kwamba atakaa nje, kwamba si aibu, kwamba kila mwili una siku zake. Alitazama daftari muda mrefu. Akamtupia jicho Papa Lubunga, akaniinamia.

"Madame," akasema chinichini, "iko mwezi."

Nilielewa anaomba apewe mwezi mmoja zaidi. Nilikuwa nimempa sita.

"Mwezi?" nikasema. "Hapana, Amisi. Mwezi hautasaidia kitu."

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyesikia habari mbaya ambayo tayari aliiogopa. Akavua kitambaa cha unahodha mkononi, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya radio. "Sawa, Madame. Umesema," akajibu, na akaondoka kwa njia ya ufukweni. Hakurudi uwanjani tena.

Nusu fainali tulivuka. Fainali tulicheza na timu ya kutoka upande wa Fizi. Héri aliwaka kweli. Dakika ishirini za kwanza watu walisimama juu ya magurudumu ya magari ili wamwone. Tulifunga moja. Dakika ya sabini nikaona miguu ya mtoto yule inakatika, anapokea mpira akiwa amesimama, anageuka kama mtu mwenye usingizi, na katikati yote ya uwanja ikawa wazi kama ua lililofagiliwa. Walitufunga mbili katika dakika kumi na tano. Zile dakika thelathini ambazo Papa Lubunga aliniomba siku ya kwanza, nilikuwa nimemnyang'anya kwa mkono wangu. Héri alilia ndani ya fulana yake. Nikamwambia kosa ni langu, na nilidhani kosa lenyewe ni kumchukua mtoto kama mtu mzima. Nilikuwa nimeona nusu ya kosa.

Ikapita miaka miwili. Nilikutana na Amisi barabarani mara kadhaa. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniulizia watoto, wala hakusimamisha hatua. Niliwahi kumwambia, "Haukuji kututazama?" Akajibu, "Niko na kazi, Madame." Sikumwona hata akipiga mpira na watoto wa mtaa. Nikasema moyoni, ndivyo wanavyokuwa wakizeeka.

Halafu asubuhi moja nilikwenda sokoni kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mama Feza, ninayenunua kwake tangu nilipoolewa, alikuwa amekaa mbele ya meza tupu, anasuka nywele za binti yake.

"Madame, ndagala hakuna leo," akasema bila kuinua macho. "Iko mwezi."

Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Kila mtu wa pwani hii anayajua. Mwezi ukiwa mkubwa na mwanga umejaa ziwa zima, ndagala hazifuati taa, kwa hiyo wavuvi wanabaki nyumbani wiki nzima na zaidi. Wanalala, wanashona nyavu, wanaoa. Mwezi ukipungua wanarudi majini, na giza likiwa kamili hawapati usingizi kabisa. Jikoni kwangu nililijua jambo hili kama jina langu. Sikuwahi kulibeba hadi uwanjani. Nilisimama pale na kikapu, watu wananisukuma kwa mabega, na nikasikia sauti ya Amisi ikiyasema maneno yaleyale mawili, sawasawa na Mama Feza, kwa sauti ileile ya mtu anayetaja kitu kinachojulikana. Hakuniomba siku thelathini. Alikuwa ananiambia sababu: usiku yuko majini, na sasa mwezi umekuja, atalala.

Nilirudi nyumbani bila kununua chochote. Nyuma ya mlango wangu kalenda za parokia zinaning'inia moja juu ya nyingine, maana mimi situpi karatasi. Na kalenda za parokia zina alama za mwezi, duara jeupe kwa mwezi mkubwa, jeusi kwa giza. Nikaketi chini na daftari, nikatafuta zile Jumamosi sita, na kando ya kila namba ya Amisi nikachora mwezi wa siku ile. Hivyo ndivyo viduara vya kwanza, Furaha.

Wiki nne zangu ni siku ishirini na nane. Mwezi wa angani unachukua siku moja na nusu zaidi. Kwa hiyo kila jaribio liliuwahi mwezi kidogo zaidi ya lile lililotangulia. Jaribio la kwanza lilimkuta Amisi amelala nyumbani wiki nzima. La pili, amelala siku tano na kitu. La tatu, siku nne. La nne, mbili tatu. La tano, amepumzika siku moja. La sita lilimkuta ametoka majini asubuhi ileile. Mstari wangu mzuri, usio na kona, haukuwa umri. Nilikuwa nimepima usingizi wa mvuvi, kwa uaminifu mkubwa, siku ileile, saa ileile, nikaandika juu yake kwa rula neno Mwezi. Nililia pale chini. Kisha nikaosha uso nikashika njia ya Kalundu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye ufukwe, anashona wavu. Mke wake Zawadi alinipa kiti. Nikakataa kukaa.

"Amisi, siku ile ulisema iko mwezi."

"Ndiyo, Madame."

"Ulitaka kusema mwezi wa juu."

Akacheka kidogo. "Sasa mwezi gani?"

"Mimi nilisikia mwezi wa kalenda. Nilifikiri unaomba siku makumi tatu."

Sindano ya wavu ikasimama mkononi mwake. Akaniangalia, akamwangalia mke wake, akaniangalia tena.

"Weye haukusikia?" akasema polepole. "Minye, hii miaka yote mbili, nilijua ulisikia. Nilijisemesha: Madame ameelewa naendaka ku ziwa, na amenifichia siri kwa Papa Lubunga. Lakini ameona pumuzi yangu iko ya kukwisha kweli, hata mwezi haiwezi kuisaidia. Ulisema vile, Madame. Mwezi hautasaidia kitu. Na weye haukoseaka hata siku moja. Njo maana niliacha hata kukimbia. Nilisema, muntu wa kufa pumuzi akimbilie wapi?"

Nilikuja nikidhani nimemnyima nafasi kwenye timu. Kumbe nilimnyima pumzi yake mwenyewe. Alikuwa nayo kifuani miaka miwili na hakuigusa, kwa sababu Madame Pumuzi alisema imekwisha. Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama vile, mbele ya mkewe na wavuvi wawili waliojifanya hawasikii.

Alishona matundu matatu au manne. Halafu akauliza, "Ile radio ingaliko?"

Nilirudi kesho yake alasiri na radio, mawe mapya na kamba. Mwezi ulikuwa bado mkubwa, mitumbwi yote iko juu ya mchanga, imelala kifudifudi. Tulichagua mchanga mgumu kando ya maji, tukapima mita ishirini, Zawadi akasimama mstari mmoja na mimi mwingine. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya maziwa, na Burundi haikuonekana kabisa. Ungedhani dunia inaishia pale tulipochora mstari. Nikapima dakika moja ya kaseti kwa saa yangu. Nikabonyeza.

Hatua za kwanza nilimtazama miguu. Baadaye nilimtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa. Hatua ya sita, ya saba. Wavuvi wawili wa jana wakaacha kujifanya. Hatua ya nane, pale nilipomzika, aligeuka kwenye mstari wangu na kuniangalia usoni, mara moja tu, akaenda zake. Ya kumi. Ya kumi na moja jasho lilikuwa linaruka anapogeuka, na Zawadi ameweka mikono kichwani. Ya kumi na mbili ilikuja ikapita: miaka yote ile kasia zilikuwa zimemtunzia pumzi. Nilisikia mtu analia, nikagundua ni mimi. Mwisho wa hatua ya kumi na tatu alisimama katikati ya mistari, akainama, akafunga kamba za viatu ambavyo hakuwa amevivaa. Alikuwa miguu mitupu. Akajiona, akaanza kucheka, akaketi majini.

Nilimwambia arudi, nitaongea na Papa Lubunga leo hii.

"Hapana, Madame. Ziwa inanitosha, na baba hataweza tena." Akajimwagia maji kichwani. "Lakini andika."

"Nini?"

"Ile namba. Andika mu daftari, pa jina langu."

Nikaandika palepale, mchanga ukidondoka kwenye ukurasa.

Papa Lubunga nilimweleza jioni ileile. Aligeuza kofia mikononi kama siku ile alipokuja shuleni. "Madame, ile sheria ya kulala iko yangu," akasema. "Kama haingekuwa ile sheria, angesema yote. Tugawane hii kosa." Juma lililofuata aliwakusanya wachezaji na kuuliza hadharani nani anakwenda ziwani, mikono minne ikainuka. Hatukumtoa hata mmoja. Tulipanga mazoezi yao mazito wakati wa mwanga, mepesi wakati wa giza, na mimi nikachora kiduara kando ya kila jina hadi siku niliyokabidhi stoo. Papa Lubunga sasa ametangulia. Amisi anacheza na wazee Jumapili, mwezi ukiwa mkubwa tu, na bado anafunga mdomo. Ule mchanga tuliopimia haupo. Ziwa limepanda, limeumeza pamoja na kiti nilichokataa kukalia, na nikipita pale naona maji tu na watoto wanaogelea juu ya mita zangu ishirini.

Hiyo ndiyo maana ya viduara, Furaha. Saa yako itakuambia moyo wa mchezaji unapiga mara ngapi. Haitakuambia alilala wapi. Hilo umuulize mwenyewe, na akikujibu, uliza tena umesikia nini.

Na swali lako la pili. Ulikuwa unataka kuingiza namba zangu zote kwenye kompyuta, ukafunua ukurasa mwingine palepale mlangoni, kidole chako juu ya mstari mmoja wenye madoa ya mchanga. "Madame, hapa Amisi ameandikwa hatua ya kumi na tatu, lakini hii siku hakuwa tena muchezaji wetu. Nifute?"

Nilikuambia nitafikiri. Nimefikiri siku tatu. Usifute. Ndiyo siku pekee niliyompima yeye mwenyewe.